Siku Tantine Alipompigia Bibi Kelele

Matanga ya Bibi yalipokwisha, ndugu zangu waligawana vitu vyake bila ugomvi, jambo ambalo kwa familia yetu ni muujiza. Mmoja alichukua vitenge, mwingine masufuria, mwingine kile kitanda cha mbao ngumu ambacho mpaka leo hajui atakipitishaje mlangoni. Mimi niliomba agaseke, kile kikapu chetu cha kusukwa chenye mfuniko uliochongoka, ambacho wanawake hukibeba harusini kikiwa na zawadi ndani. Wakanicheka. Kikapu chenyewe kimegeuka rangi ya chai ya rangi, na mfuniko wake haukai sawa. Nikawaacha wacheke. Niliufunua ule mfuniko nikaingiza pua, na harufu bado ilikuwamo: moshi wa mpira na mafuta ya taa. Wengine harufu hiyo huwakumbusha siku za umeme kukatika. Mimi hunikumbusha shangazi yangu akiwa amesimama mlangoni pa ndege, na hapo najisikia fahari mpaka natafuta mtu wa kumsimulia. Leo ni zamu yako.

Bibi ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walikuwa na kazi Kigali, nikabaki naye Nengo, katika nyumba yenye ngazi za mawe meusi ya volkano. Ukisimama uani uliona ziwa na, upande wa pili wa mpaka, ndege zikishuka Goma. Ndege zilikuwa sehemu ya maisha yetu. Moja ikipita juu, kila mtu alinyamaza na neno lake mdomoni, halafu tukaendelea pale pale tulipoishia. Utaratibu huo ulimfaa Bibi kuliko wote, maana sauti yake isingeshindana na ndege. Isingeshindana hata na kuku.

Alikuwa na sauti ndogo, na aliipenda hivyo hivyo. Muuza sambaza alilazimika kutua beseni lake na kusogea mpaka karibu ndipo asikie Bibi anataka samaki kiasi gani. Siku moja nilimwita rafiki yangu kwa kupaza sauti kutoka uani. Bibi alinishika mkono akanitembeza mpaka kwenye lango la kina rafiki yangu, akanisimamisha hapo, akasema, "Sasa mwite." Nilipomwita, akainama sikioni kwangu. "Umeona? Mutoto wa hii nyumba hapige makelele. Makelele ni ya barabara."

Mwanafunzi wake bora katika somo hilo alikuwa shangazi yangu, dada mdogo wa baba, tuliyemwita Tantine Solange. Alisalimia kwa mikono miwili na macho chini, na sauti yake ilimfikia yule tu aliyekusudiwa. Wazee wa mtaa walimsifu. Kisha akapata kazi ya kuhudumia abiria katika kampuni moja ndogo ya ndege huko ng'ambo, na sifa zikapungua kidogo. Asubuhi alivuka mpaka na sanduku lake la magurudumu na kitambaa cha bluu shingoni, katikati ya wanawake waliobeba kabichi na nyanya vichwani, na vijana wa pale wakamtania kwamba anakwenda kuuza chai mawinguni. Tantine alitabasamu tu na kupita.

Bibi hakutabasamu. "Nimesomesha mutoto," alimlalamikia jirani kwa kunong'ona, nami nikasikia kwa sababu nilikuwa na masikio yaliyozoea minong'ono. "Nimemusomesha, leo iko anagawia watu juisi. Wababa anaowajua na asiowajua."

Mimi nilikuwa na wasiwasi mwingine. Siku ambazo Tantine hakuwa kazini, alijifungia chumbani mchana, na kupitia mlangoni ilitoka sauti ya mtu anayegombana, lakini imezibwa, kana kwamba inatoka ndani ya gunia. Niliamua kwamba mle ndani kuna mwanaume. Alipokwenda kuoga nikaingia kwa magoti nikachungulia chini ya kitanda, nikakuta ndara na sanduku. Siku nyingine nilichungulia kwenye tundu la kitasa nikaona jambo lililonitisha zaidi: Tantine alikuwa amekaa kitandani, amezamisha uso wake ndani ya mto, anapiga kelele. Mabega yalimruka. Baadaye akatoka, nywele zimechanwa vizuri, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kawaida, "Aline, umekula?" Nilimwonea huruma sana. Nilijua ana huzuni kubwa ambayo hawezi kumwambia mtu.

Kisha wakaja wanawake wawili kutoka Busasamana, watu wa familia yenye mashamba makubwa ya viazi, wakiwa wamemwona Tantine kanisani na kumpenda kwa ajili ya kijana wao. Walikunywa soda, wakasifu ua letu, wakauliza binti anafanya kazi gani. Walipoambiwa, mmoja wao alitua chupa mezani akauliza, "Na ile ndege ikilala mbali, naye analala wapi?" Bibi aliwasindikiza hadi barabarani, na aliporudi uso wake ulikuwa umefunga.

"Solange," alisema, "harusi ya mutoto wa kaka yako ikipita, unaacha ile kazi."

"Ndiyo, Mama," alisema Tantine.

Hivyo tu. Alitazama mikono yake, kisha akaenda kuanua nguo. Mimi nilifurahi, nakuambia ukweli. Niliwaza kwamba sasa atakuwa nyumbani kila siku na atanisuka nywele, na ile huzuni ya kwenye mto itaisha. Sikujua kwamba nimemwona mtu akikubali kutupa kitu alichokipenda kuliko vyote, na kwamba alikitupa kwa adabu kamili kama alivyofundishwa.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa baba yangu mkubwa, katika mji wa mbali huko Kongo ambao kwa barabara usingefika kwa wakati. Tantine aliomba apangwe kwenye ndege ile ile tutakayopanda sisi. Bibi alivaa mushanana yake ya rangi ya zabibu, lile vazi letu la kufunga begani, na viatu vya kanisani. Mikononi alikuwa na agaseke iliyojaa unga wa mtama na karanga za kukaanga, zawadi ya mama wa bibi harusi. Alikuwa na sheria yake kuhusu kikapu hicho: zawadi ya harusi haiwekwi chini, wala haiachwi, mpaka itue mikononi mwa mwenyewe. Alivuka nacho mpaka, akapita nacho kwa maaskari, akapanda nacho ngazi za ndege.

Tulikaa safu ya mbele kabisa. Kando yetu, upande wa pili wa njia, alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya na fimbo, na kabla hatujaondoka yeye na Bibi walikuwa wamekwisha kuulizana habari za watoto, mvua na magoti. Tantine alipita akichungua mikanda. Alimwomba Bibi ampe kikapu akiweke kwenye kabati la juu.

"Hii haiachwe," Bibi alinong'ona.

"Mama, ni sheria ya ndege."

"Na hii ni sheria ya harusi."

Walivutana kwa sauti ndogo ndogo, mama na binti, hakuna aliyewasikia isipokuwa mimi. Mwishoni Tantine alikipandisha kabatini kwa mikono miwili, kwa heshima, akafunga. Bibi alikitazama kile kifuniko cha kabati safari nzima.

Tulipokaribia kutua, Tantine alikuja kukaa kwenye kiti chake kidogo karibu na mlango, kilichotazamana nasi. Alijifunga mikanda ya mabegani, akanyoosha mgongo, kisha akafanya jambo la ajabu: aliweka viganja vyake chini ya mapaja akavikalia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakututazama. Midomo ilicheza bila sauti. Mimi mwenyewe hukalia mikono yangu nikingoja sindano, kwa hiyo nilielewa mara moja. Tantine alikuwa anaogopa. Kazi yake yote ile, na kumbe anaogopa ndege!

Bibi naye aliona. "Muangalie," aliniambia sikioni. "Anaogopa, yoo, mutoto wangu. Tunafanya vizuri kumutoa huku."

Nilimkonyezea Tantine jicho ili kumtia moyo. Hakuniona.

Magurudumu yaligusa ardhi na abiria wakapiga makofi, nami nikapiga. Makofi hayakuisha. Kulitokea mshindo upande wa kushoto, ndege ikainama upande huo, na chini yetu kukawa na mkwaruzo mrefu wa chuma. Vichwa vilirushwa huku na huku. Tulitoka barabarani tukaingia majanini tukirukaruka, kisha tukasimama.

Kimya kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kuliko mshindo. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya. Ndipo ikaja harufu, mpira unaoungua na mafuta ya taa, na mtu nyuma yetu akasimama akaanza kuvuta begi lake.

"FUNGUENI MIKANDA! ACHENI VITU! KUJENI HUKU!"

Ilikuwa sauti nzito ya amri iliyojaza ndege kutoka mbele hadi mkiani. Nilidhani ni rubani. Nilizungusha kichwa kumtafuta mwanaume mwenye sauti ile, na nilipogeuka mbele nikaona mdomo uliokuwa unaitoa. Alikuwa Tantine. Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa ambayo sikuwahi kuiona. Alibandika uso kwenye kidirisha cha mlango wa kushoto, ule tulioingilia, akatazama nje kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akageuka, akaupa mlango mgongo, akatanua mikono.

"HUKU IKO MOTO! HUU MULANGO HAPANA! KULE!"

Watu hawakumwelewa. Waliingilia mlango ule, na walitaka kutokea mlango ule. Mwanaume mmoja mkubwa, mwenye mabega ya mpagazi, alimkamata bega. "Fungua! Tuliingilia hapa!" Tantine alikuwa hamfikii hata kidevuni. Hakusogea. Alimpigia kelele usoni, "KULE!", akamgeuza kiunoni kama mtu anavyogeuza mtoto anayekwenda njia mbaya, akaruka hadi mlango wa kulia, akachungulia, akaufungua. Nje kulisikika mfoko wa hewa, na mtelezo mkubwa wa mpira ukavimba hadi kwenye majani. Yule mwanaume mkubwa akawa wa kwanza kushuka.

Hapo njia ilikuwa wazi, na sisi tulikuwa safu ya mbele. Tungekuwa tumekwisha kutoka. Lakini Bibi alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mikono yote miwili kabatini.

"Agaseke yangu!"

"ACHA VITU!" Tantine alimpiga kofi mkononi, pa!, na kabati likajifunga. Nilisahau moto. Kwetu mtoto hampigii mama yake kelele, na kumpiga kofi ni jambo ambalo hata sikujua linawezekana.

Bibi aliingia njiani, mkono wake mmoja ukinishika mimi. Na mzee wa kofia naye akaingia njiani. Wakakutana. Na hapo, msomaji wangu, moshi ukiwa umeanza kutambaa darini na watu wakisukumana nyuma yetu, wazee wale wawili walifanya kile walichofundishwa tangu utotoni wafanye wanapokutana mlangoni.

"Pita, mama," mzee alisema, akaondoa kofia.

"Hapana, papa. We ndiye mukubwa. Pita kwanza."

"Siwezi kukutangulia, mama. Pita tu."

"Nitapita nyuma yako."

Walisimama wakiinamiana, na ndege nzima ilisimama nyuma ya adabu yao. Nasema kwa uhakika kwamba moto haukutaka kitu kingine. Tantine alikuja juu yao. "HAKUNA MUKUBWA HAPA! WE, RUKA! WE, RUKA!" Alimvuta mzee kwa koti akamtupa kwenye mtelezo, fimbo huku, kofia kule. Akanisukuma mimi. Nilishuka nikitazama mawingu, nikaanguka kwenye majani, nikageuka kumtafuta Bibi.

Bibi alikuwa amesimama ukingoni mwa mlango, kashika vazi lake kwa mikono miwili. Nilimwona akitazama chini, kwa wale wanaume waliokuwa wakiinuka, kisha akimgeukia Tantine. Nilijua anachosema ingawa sikumsikia. Baadaye alikiri mwenyewe. Alisema, "Solange, wababa bako pale chini. Nguo itapanda, bataniona mapaja."

"MAMA! RUKA!"

Hakuruka. Tantine alimsukuma. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuvuka barabara kwa haraka, alishuka kwenye ule mpira miguu mbele, mushanana ikiwa imepanda hadi kiunoni, bila kiatu kimoja. Hata hapo hakupiga kelele.

Watu walishuka nyuma yake mmoja mmoja bila kukatika, wengine wakilia, na juu yetu ile sauti haikupumzika: "RUKA! RUKA! KIMBIENI MBALI!" Mhudumu mwenzake Tantine aliyekuwa nyuma alishuka, marubani wakashuka. Sauti ikanyamaza. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni sasa, mweusi, na Tantine hakuwemo mlangoni. Nililia jina lake. Mtu alinibana kifuani mwake ili nisirudi. Nilipotazama nikaona kwamba aliyenibana ni Bibi, na kwamba midomo yake inaita "Solange, Solange" kwa ile sauti ndogo ambayo haikufika hata kwangu vizuri, sembuse kwenye ndege.

Kisha akatokea. Alikuwa amerudi ndani kupekua viti, na kwenye kimoja alimkuta msichana, mwanafunzi, ambaye hofu ilimgandisha na mkanda bado umefungwa. Alikuja naye akiwa amemkumbatia kwa nyuma, wakakaa pamoja mlangoni, wakateleza pamoja. Magari ya zimamoto yalikuwa yanafika. Ubawa wa kushoto uliwaka mpaka walipoumwagia povu. Watu wote walikuwa hai, wote, kuanzia mwanaume mkubwa hadi mtoto mchanga aliyelala usingizi safari nzima, naye alikuwa ameamka amekasirika.

Tantine alitujia majanini, uso wake mweusi kwa moshi, kitambaa cha bluu kimekwenda zake. Akapiga magoti mbele ya Bibi. "Mama, umeumia?" Ilikuwa ile sauti yake ya nyumbani, au mabaki yake, maana alikuwa amepwelewa na sauti.

Bibi alimtazama muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mtu huyu.

Hakumsemesha Tantine siku ile, wala harusini. Alikaa kwenye kiti cha heshima akiwa amevaa viatu vya kuazima na mikono mitupu, na alipomsalimia mama wa bibi harusi alimwomba radhi kwa kuja bila agaseke, na kila mtu akamwambia aache mchezo, yeye ndiye zawadi. Kikapu kilirudishwa baadaye na watu wa uwanja, kizima, unga wake umeharibika, kimelowa povu na kunuka kama kinavyonuka. Bibi alikipokea. Kwa Tantine hakuwa na neno zaidi ya "lete maji" na "asante". Nami nilijua sababu. Amepigiwa kelele na mtoto wake wa kumzaa, amepigwa mkono, amesukumwa, na wababa wameona mapaja. Nilimwombea Tantine kwa Mungu asamehewe.

Tulirudi kwa ndege vilevile, Tantine safari hii akiwa abiria, kati yangu na Bibi. Bibi alifumba macho tangu tulipokaa. Ndege ilipoanza kukimbia, Tantine aliingiza viganja chini ya mapaja.

"Tantine," nilimnong'oneza, "usiogope. Mimi niko hapa."

Alicheka kidogo, na kicheko kilitoka kimekwaruza. "Naogopa, ndiyo. Kila siku naogopa. Lakini mikono naikalia ili itulie, donc kichwa kibaki peke yake kifanye kazi."

"Kazi gani?"

"Najiuliza. Mulango wangu iko wapi? Nikisimama, mukono unashika nini? Nani muzee, nani iko na mutoto? Neno ya kwanza nitasema ni gani? Kila ndege ikipanda, kila ndege ikishuka, nafanya vile." Alininyooshea ukosi wa gauni. "Siku ile, nilikuwa nimeisha kukutoa, we na Mama, kabla hatujagusa chini. Kichwani humu. Nilijua kabisa Mama atarudia agaseke yake."

"Na kwenye mto? Nilikuona unalia kwenye mto."

"Sikuwa nalia, Aline. Ile sauti sikuwa nayo. Kazini walinifundisha maneno, lakini nikiyasema yalitoka madogo, kila mutu akacheka. Ilibidi niitafute ile sauti. Na kwetu, unapajua kwetu, hakuna mahali pa kuitafutia isipokuwa kwenye mto." Akatazama mbele. "Bon. Sasa nimeipata na kazi imeisha."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimtazama Bibi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa bado, lakini kichwa chake kilikuwa kimeegemea upande wetu.

Wiki ile, nikiwa sebuleni mchana na daftari la hesabu, nilisikia kutoka chumbani kwa Bibi sauti iliyozibwa, kana kwamba inatoka ndani ya gunia. Ilikatika, ikaanza tena. Nikajua analia kwa aibu na hataki tumsikie. Nilitembea kwa vidole nikaenda kukaa uani, ili nimwachie heshima yake.

Jumapili mchungaji alitangaza kwamba kuna ushuhuda. Kanisa letu lilijaa, habari zilikuwa zimetangulia, na hata wale wanawake wawili wa Busasamana walikuwepo, safu ya tatu, wamevaa vizuri. Bibi alisimama akaenda mbele. Mchungaji, aliyemfahamu, alimsogezea kipaza sauti mpaka karibu kigusane na meno.

"Munajua mimi sipige makelele," Bibi alianza, na watu wote wakainama mbele ili wasikie, kama tulivyozoea.

Akakisukuma kipaza sauti pembeni. Akatanua miguu. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"ACHENI VITU! KUJENI HUKU! RUKA!"

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na sijaona kanisa likisimama haraka namna ile. Mpiga ngoma aliangusha kijiti. Akina mama wa kwaya waliruka viti vyao. Shemasi mmoja, mtu mzito na mwenye heshima zake, alikuwa tayari nusu ya njia kuelekea mlango wa pembeni na Biblia yake ameiacha kwenye benchi. Kisha wote wakaganda walivyo, wakikitazama kile kibibi chembamba kilichosimama mbele kikihema.

"Munaona?" alisema Bibi. "Munasimama. Na hapa ndege haiko."

Kicheko kilianzia kwaya kikaenea, lakini aliinua mkono kikanyamaza.

"Mutoto wangu alinipigia vile. Mimi, mama yake. Alinipiga mukono, akanisukuma mbele ya watu. Nilikasirika. Siku nyingi nilikasirika. Halafu nikajiuliza: kama angeniambia polepole, na ile sauti ndogo niliyomufundisha mimi, ningetoka? Singetoka. Ningekuwa pale mupaka sasa, naambiana na yule muzee, pita wewe, hapana, pita wewe." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Adabu yangu ingeniua. Na mujukuu wangu. Sauti iliyotuokoa, mutoto wangu aliitafuta peke yake, kwenye mto, kwa kunificha mimi. Wiki hii nimejaribu. Ni kazi ngumu, ile. Koo linauma. Nilimwambia aiache ile kazi ya ndege. Leo nasema mbele yenu na wale wa safu ya tatu wasikie: haiachi!"

Vigelegele vilipasua bati. Nilimtafuta Tantine. Alikuwa amekaa mahali petu, mgongo umenyooka, viganja chini ya mapaja, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

Alirudi kazini. Wanawake wa Busasamana walirudi pia, safari hii wakiwa na maneno laini zaidi, na Bibi akawaambia, "Munatafuta Solange? Iko juu. Mungoje ashuke." Siku hizi ni yeye anayewafundisha wahudumu wapya, na nasikia siku ya kwanza humkabidhi kila mmoja mto. Bibi naye aliharibika kabisa. Ndege ikipita juu ya Nengo alitoka uani, akaweka mikono mdomoni akapaza, "Kaza sauti, Solange!" Haikuwa na maana kwamba Solange yumo. Hata ndege za mizigo zilipata salamu hizo, na watoto wa jirani wakazizoea mpaka wakawa wanamsaidia.

Mwezi uliopita Bibi alikuwa kitandani, mchana wa jua, dirisha wazi upande wa ziwa, na sisi tumemzunguka. Alikuwa mdogo kama mtoto na pumzi zake zilikuwa za kuhesabu. Alitutazama, akatazama chumba chake, vitenge, masufuria, mimi. Ilionekana kuna kitu kinamshika. Kisha akamwita shangazi yangu kwa kidole.

"Solange. Nipigie ile makelele."

Tantine alitaka kukataa. Kisha akainuka, akaenda mpaka mlangoni. Akashika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, kama alivyoshika siku ile, akatanua miguu, na akaitoa yote, bila mto, mpaka majirani wakatoka nje.

"ACHA VITU, MAMA! KUJA HUKU! RUKA!"

Bibi alicheka. Nilimwona akicheka. Agaseke ilikuwa pale juu ya kikabati cha kando ya kitanda, karibu na mkono wake, na safari hii hakuiulizia.